Muulize Fundi: Aliyekuambia Uzime Ulinzi Hakutakii Mema

Barua za mwezi huu zilikuwa nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja: kompyuta ya nyumbani imeingiliwa, au mwenyewe anaogopa kuingiliwa. Nimechagua tano. Kwa wasionijua, natengeneza kompyuta hapa Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, na kazi hii nimeianza mwaka 2009.

Fundi, habari za kazi. Nina steshenari Kahama. Napiga picha za paspoti, natengeneza kadi za harusi na kuchapa barua. Jumatatu nimewasha kompyuta nikakuta kila faili imeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni na hakuna hata moja inayofunguka. Kila folda ina karatasi inaitwa _readme.txt, inadai dola 980, na nikiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Siku moja kabla, kijana wangu wa kazi alipakua programu ya kutengeneza picha, ile ya kulipia lakini yeye kaipata bure. Nilipe? Nina kadi za harusi tatu za mwezi huu humo ndani. — Mwenye Steshenari, Kahama

Pole sana, ndugu yangu. Kabla hujaendelea kusoma, chomoa waya wa intaneti au zima Wi-Fi, kisha chomoa flashi na diski zote. Kirusi hiki kikikuta diski ya nje imechomekwa, nayo kinaifunga. Usifute kitu, na usipige Windows upya leo, yaani usiifute na kuiweka upya. Karatasi ya _readme.txt itunze, maana ina namba yako ya utambulisho na tutaihitaji.

Usilipe. Unampa mwizi pesa halafu unasubiri huruma yake, na mlango aliopitia uko wazi vilevile.

Kwa maelezo yako, zile herufi nne, jina la karatasi, bei na saa 72, hii ni familia ya virusi watekaji wa faili iitwayo STOP, wengine huiita Djvu. Ilianza kusambaa sana 2018. Haiwindi mabenki wala wizara. Inawinda steshenari, mwanafunzi wa chuo, baba mwenye laptopu moja nyumbani. Na inaingia karibu kila mara kwa njia moja: kraki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure, na zile aktiveta za kuwashia Windows au Office bila leseni. Muulize kijana wako kwa upole, usimgombeze, kama yale maelekezo yalimwambia azime antivirusi kwanza. Muulize pia kama aliona dirisha linalosema Windows inajisasisha, asilimia zinapanda, akaiacha imalize. Dirisha lile ni la uongo. Wakati yeye anasubiri asilimia zifike mia, faili zako zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine.

Sasa matumaini yako yako wapi. Kirusi hiki kikianza kazi hutafuta mawasiliano na bwana wake kuomba ufunguo. Kikimpata, ufunguo unakuwa wako peke yako na unabaki kwake huko. Kisipompata, kwa mfano intaneti ilikuwa imekatika, kinatumia ufunguo kilichokuja nao, na huo ni mmoja kwa wote waliopigwa na toleo lile. Fungua _readme.txt, shuka hadi chini kwenye ile namba ndefu ya utambulisho. Ikiishia na t1, kwa kawaida ni ufunguo wa pamoja, na huenda kuna siku utapatikana kama haujapatikana tayari. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua matoleo 148 ya familia hii. Ianzie kutafuta kwenye tovuti ya nomoreransom.org, ambayo polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama waliifungua Julai 2016 kwa ajili ya watu kama wewe. Unapakia faili mbili zilizofungwa na ile karatasi, wanakuambia kama dawa ipo. Fanya hayo kwenye kompyuta nyingine, maana kirusi hiki kina tabia ya kuizuia kompyuta kufika kwenye tovuti za msaada.

Namba yako isipoishia na t1, bado kuna cha kuokoa. Kwa haraka yake kirusi hiki hufunga mwanzo tu wa faili, kama KB 150. Picha ya paspoti huisha yote hapo. Lakini video ya harusi ya saa nzima imeguswa kichwa tu, na mara nyingi hurekebishika. Na zile kadi tatu, jamani, uliwatumia wateja kwa WhatsApp wazihakiki majina? Basi ziko kwenye simu zao. Waombe leo.

Nina sababu ya kuandika kwa urefu. Mwaka 2019 mama mmoja wa Chumbageni aliniletea laptopu ya marehemu mumewe niipige Windows upya, na akaniomba nimwekee na Office. Pesa ya leseni hakuwa nayo. Nikachukua aktiveta niliyokuwa nayo kwenye flashi yangu, ile niliyoizoea, lakini ilikataa, nikapakua nyingine mpya kwenye tovuti nisiyoijua. Ikaniambia zima antivirusi. Nikazima kwa mkono wangu. Faili za marehemu nilikuwa nimeshazirudisha ndani: picha za miaka kumi na moja, na rekodi moja ya sauti, anamwita mjukuu wake kwa jina la utani na mtoto anacheka. Mama yule alinionyesha rekodi hiyo siku alipoleta mashine. Kesho yake asubuhi kila kitu kilikuwa na herufi nne mwishoni. Nilimweleza ukweli, kwamba ni mimi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hata ile sauti?"

Tangu siku hiyo sijaweka kraki kwenye mashine ya mtu. Wateja wengine nimewapoteza, wanakwenda kwa mafundi wengine. LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua faili za Word. GIMP inatengeneza picha, Inkscape inatengeneza kadi. Zitakusumbua wiki mbili za kwanza, nakubali. Lakini hakuna kati yake itakayokuomba uzime ulinzi wa kompyuta ili ifanye kazi, na hicho ndicho kipimo ninachokuachia wewe na kijana wako: programu yoyote ikisema "zima antivirusi kwanza", ifunge hapo hapo, haijalishi nani kakupa.

Diski ya yule mama ninayo bado kwenye droo, ameniachia. Namba yake haiishii na t1. Faili zako nawe zisipofunguka leo, zinakilie kwenye diski ya nje na uziweke kando, usizitupe.

Kuna jambo hukuniuliza nalo ni kubwa kuliko kadi. Virusi hivi huja na wenzao. Familia hii imeshakutwa ikiwa imebeba wezi wa nywila, akina Azorult na Vidar, ambao kazi yao ni kufagia maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari na kuyatuma nje. Huwa wanamaliza kabla hujaiona hata karatasi. Kwa hiyo chukua simu, siyo kompyuta hiyo, ubadilishe nywila ya barua pepe kwanza, maana aliye na barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za kila kitu kingine. Halafu zinazohusu pesa. Halafu Facebook na nyinginezo. Baada ya hapo ndipo upige Windows upya, diski yote ikifutwa. Na ukinunua diski ya akiba, ichomeke jioni, nakili, ichomoe, ifungie kwenye kabati. Diski inayokaa imechomekwa mchana na usiku itafungwa pamoja na kompyuta.

Dada Fundi, shikamoo. Mimi ni muuguzi Muscat, nyumbani Pangani. Nilikuwa natafuta tamthilia ya kuangalia, tovuti ikaniambia nithibitishe kuwa mimi si roboti. Badala ya kuchagua picha za mataa, ikaniambia nibonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Kukatokea dirisha jeusi, likapotea. Siku mbili baadaye akaunti yangu ya Facebook inawaandikia ndugu zangu kuwa nimekwama, nitumiwe laki tatu. Mjomba ametuma. Nimebadilisha nywila lakini bado wanaingia! — Muuguzi, Muscat

Marahaba mdogo wangu. Pole wewe na mjomba.

Nikueleze kilichotokea, kwa sababu ukikielewa hutarudia. Ulipobofya pale penye "mimi si roboti", ile tovuti ilinakili amri kimyakimya kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako, pale yanapokaa maneno uliyoyanakili ukisubiri kuyabandika. Windows na R hufungua kisanduku cha kuendesha amri. Ctrl na V ikaibandika amri yao. Enter ukaiendesha mwenyewe. Antivirusi nyingi huchelewa hapo, kwa sababu aliyeagiza ni mwenye kompyuta. Ujanja huu umeenea sana tangu 2024, na mzigo unaoletwa mara nyingi ni mwizi wa nywila. Mmoja wao, Lumma, Mei 2025 Microsoft pamoja na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa walikamata mitambo yake, na kampuni hiyo ikasema imehesabu kompyuta 394,000 zilizoambukizwa ndani ya miezi miwili tu, 16 Machi hadi 16 Mei.

Kwa nini wanaingia wakati umebadilisha nywila? Kwanza, kama umebadilishia kwenye kompyuta ile ile, na mwizi bado yumo, amesoma na mpya. Pili, hawa hawaibi nywila tu. Ukiingia Facebook asubuhi na jioni hukuulizwa tena, ni kwa sababu kivinjari kinatunza vidakuzi, vikaratasi vinavyosema "huyu ameshakaguliwa, mwacheni apite". Mwizi akiviiba, anapita bila kuulizwa nywila wala ile namba inayokuja kwa SMS. Uthibitisho wa hatua mbili uwe nao, ni muhimu sana, lakini hapa umerukwa.

Fanya hivi leo. Zima Wi-Fi ya laptopu. Kwenye simu, ingia mipangilio ya usalama ya barua pepe, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, viondoe vyote, ndipo ubadilishe nywila. Rudia hivyo hivyo Facebook. Ukishaviondoa vifaa vyote, vidakuzi walivyoiba vinakuwa havina kazi. WhatsApp nayo, tazama vifaa vilivyounganishwa, kama kuna usichokijua kiondoe. Laptopu ipigwe Windows upya kabisa. Usiridhike na kuskani tu ikasema iko safi, mimi siridhiki.

Kuhusu mjomba, apige simu leo hii kwa mtandao aliotumia kutuma, aeleze, na akaripoti polisi akiwa na namba iliyopokea. Hapa Tanzania namba ya tapeli hutumwa pia 15040. Pesa ikiwa haijatolewa huenda ikazuiwa, na kila saa inayopita ni hasara. Na mkubaliane nyumbani: anayeomba pesa kwa maandishi apigiwe simu, isikike sauti, aulizwe jambo la nyumbani kwenu ambalo halijawahi kuandikwa Facebook. Jina la mbuzi wa bibi, kitu kama hicho.

Tovuti ya kweli haikuombi ubonyeze vitufe vya kibodi kuthibitisha u binadamu. Hata moja.

Binti yangu Fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, Lushoto. Nywila zangu zote naziandika kwenye daftari, nalifungia sandukuni. Mjukuu wangu ananicheka, anasema ni ushamba. Amenipangia nywila moja ya kutumia kila mahali ili nisisahau: jina la marehemu mke wangu na mwaka tuliooana. Nani yuko sahihi?

Shikamoo mwalimu. Daftari liko sahihi. Mjukuu umsamehe.

Mwizi wa nywila yuko nchi nyingine, hana mkono wa kufika Lushoto kwenye sanduku lako. Anachoweza kukifikia ni kile kilichomo kwenye kompyuta. Ukiwa mtu wa nyumbani, unaishi na watu unaowaamini, daftari lililofungiwa ni ulinzi mzuri. Namba ya siri ya pesa za simu tu usiiandike humo, hiyo iweke kichwani, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Kosa ni nywila moja kwa kila kitu. Tuseme ulijiandikisha kwenye tovuti ya kuuza vitabu miaka sita iliyopita, ukaisahau. Tovuti ile ikaibiwa orodha ya wateja. Wezi hawana haja na vitabu. Wanachukua barua pepe yako na nywila ile, mashine inakwenda kuijaribu kwenye Gmail, Facebook, kila mahali, usiku mmoja. Mwaustralia Troy Hunt alianzisha Desemba 2013 tovuti iitwayo Have I Been Pwned. Unaandika anwani yako ya barua pepe, inakuambia imeonekana kwenye wizi upi. Ni bure. Mjukuu akufungulie, aandike na anwani yake pia, aone.

Na jina la marehemu mkeo, mwalimu, lihifadhi mahali pengine. Kila aliyekuwapo msibani analijua, na mwaka wa ndoa mmeuandika chini ya picha ukutani.

Nywila nzuri kwa mzee kama wewe ni maneno ya kawaida yasiyohusiana, matano. Chukua kamusi yako, najua unayo. Mtoto afumbe macho, afungue ukurasa, aweke kidole. Mara tano. Kwangu jana ilitoka *mwiko bahasha kenge tandu korosho*. (Usiitumie hiyo, imeshachapwa.) Mmarekani Arnold Reinhold alipanga mbinu ya namna hii mwaka 1995 kwa dadu na orodha ya maneno 7,776. Kwa orodha yake, maneno matano yanatoa michanganyiko ambayo idadi yake ni namba yenye tarakimu 20. Lakini kidole kichague, siyo wewe. Usichukue methali. Nimeona watu wameweka "harakaharakahainabaraka" wakadhani ni ndefu kwa hiyo ni ngumu. Maneno yake yamekwisha kupangwa, kila Mswahili anaweza kuyamalizia, na mashine inaweza kuyabeba kwenye orodha.

Kubadilisha kila miezi mitatu, kama walivyokuwa wakitulazimisha maofisini, siyo lazima. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliuondoa ushauri huo mwaka 2017. Watu walikuwa wanaongeza 1 mwishoni, halafu 2. Badilisha ukijua imevuja.

Mjukuu mwenyewe, kwa kuwa ana akaunti arobaini, aweke programu ya kutunza nywila kama Bitwarden au KeePassXC, zote zina za bure. Yeye akariri nywila moja tu ndefu ya kufungulia. Wewe kaa na daftari.

Fundi, nafundisha sekondari Muheza. Kila nikitoka steshenari kuchapa mitihani, flashi inageuka: folda zinakuwa na mshale mdogo, nikibofya zinafunguka kwa kusita. Kuna siku faili zilipotea zote. Dawa?

Mwalimu, faili hazijapotea, zimefichwa. Vile vyenye mshale ni njia za mkato. Ukibofya, kirusi kinajiendesha kwanza kisha kinakufungulia folda ili usishtuke. Acha kubofya. Skani flashi kwa ulinzi wa Windows kwanza. Kisha fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) uandike hivi, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitarudi. Zinakili, futa njia za mkato, fomati flashi. Halafu tenga flashi moja ndogo ya kwendea steshenari tu, iwe na PDF ya siku hiyo na kitu kingine kisiwepo. Kompyuta za steshenari zinachomekwa flashi hamsini kwa siku, hata mwenye duka akiwa mwangalifu vipi. Na mtihani ambao haujafanywa, mwalimu, usiuache kwenye kompyuta ya watu. Hakikisha umefutwa mpaka kwenye pipa la taka.

Laptopu yangu ni ya Windows 10, inakataa kupanda kwenda 11. Rafiki ananishauri ninunue antivirusi ya elfu sitini. Ninunue? — Baba Zawadi, Moshi

Baba Zawadi, iache hiyo elfu sitini kwanza. Windows 10 ina Defender, antivirusi yake yenyewe, ndani yake, inatosha kwa mtu wa nyumbani asiyeweka kraki. Tatizo lako ni jingine: 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Tundu likigunduliwa sasa halizibwi, na antivirusi haizibi tundu la Windows. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipozipiga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwamo, kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lile, kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi. Waliopigwa ni ambao hawakukiweka.

Watu wa nyumbani waliruhusiwa kujiandikisha wapate masasisho ya usalama mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026. Tazama kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho. Kama laptopu ni ya kuandikia, kusoma barua na kuangalia video, mimi ningeweka Linux Mint badala ya Windows, pamoja na LibreOffice. Ni bure, na mashine ya miaka kumi inakimbia vizuri. Nakili faili zako kwenye diski ya nje kabla hujaanza, ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kuiweka ndani, uone kama Wi-Fi na printa vinakubali. Printa ndiyo husumbua zaidi, kwa hiyo anza na hiyo.